Vitanda Vitupu vya Mama Mkubwa

Alhamisi, nyumbani Mawaleh, Muscat.

Joto limeshaungana na unyevu. Ukifungua mlango tu, miwani inaingia ukungu, unasimama kama kipofu mpaka uifute kwa shela. Leo sikwenda kazini. Niliomba ruhusa nikasema nina mgonjwa nyumbani, na si uongo, maana mama mkubwa amekuja kutoka Pemba kutibiwa, ametolewa mtoto wa jicho juzijuzi na bado anavaa miwani myeusi hata akiwa sebuleni anakunywa chai. Lakini si jicho lililonibakisha.

Nimebaki kwa sababu leo ilibidi nimwambie.

Nimemwambia. Sasa naandika, na kama maneno yatakuwa hayana mpangilio, mtanisamehe. Sikuja hapa kupanga maneno.

Kwa msiomjua: mama mkubwa ni Bi Zuwena, dada wa marehemu mama yangu. Mama aliolewa Oman, akaja huku, akatuzaa huku. Mama mkubwa akabaki Pemba, na pale Wete ana nyumba ambayo si hospitali wala si hoteli. Humo wanakaa wanawake wenye fistula, wale ambao uzazi mgumu umewaacha wakivuja mkojo mchana na usiku, bila ya uwezo wa kujizuia. Wanamjia kutoka vijijini. Wanasubiri zamu yao ya upasuaji, na wakishapasuliwa wanarudi kwake kupumzika mpaka wapone. Wengine waume wamewaacha. Wengine hata ndugu zao hawataki kula nao sinia moja. Mama mkubwa anawapa kitanda, sabuni na chakula, na jambo jingine ambalo kwake ni kubwa kuliko yote hayo: hawaulizi, wala hamwambii mtu. Jirani akitaka kujua yule aliyepita uani ni nani, anajibiwa, ni mgeni wangu. Basi, mazungumzo yamekwisha.

Binti yake wa pekee, Asya, ni muuguzi katika mji mmoja mdogo Uswisi. Ameolewa kule, amepata uraia wa kule, anapiga kura ya kule. Mji wake kila mwaka hutenga kipande cha kodi kwa ajili ya kusaidia nchi za nje, na zamani Asya aliwahi kusema na watu wa halmashauri, wakakubali sehemu ndogo iende kwa mama yake. Ikawa inalipa mshahara wa muuguzi, nauli za kupeleka wagonjwa hospitali, sabuni, mambo kama hayo. Imekwenda hivyo miaka, na sisi huku tukaizoea kama mvua.

Kisha Asya akaanza kuangalia fungu lote linakwenda wapi. Akakuta ukumbi wa michezo uliojengwa katika nchi fulani, sasa wanalala mbuzi. Akakuta safari za wakubwa kwenda kukata utepe. Akakuta miradi iliyochaguliwa kwa sababu mke wa mtu fulani aliwahi kwenda huko likizo na akapapenda. Dada yangu akikasirika hanyamazi, na hilo amelirithi kwa mama yake, ingawa wote wawili wanalikataa.

Kule kwao mwananchi akikusanya saini za kutosha, anaweza kulipeleka pendekezo lake likapigiwa kura na mji mzima, na likishinda halmashauri haina budi kulifuata. Asya na wenzake wakaandika lao. Fedha za misaada ziongezwe, lakini ziende pale tu ambapo imeonekana wazi kwamba zinawafaa watu. Miradi yote ikaguliwe na watu wasio na upande. Kila ripoti itangazwe. Akasimama nje ya maduka na baridi ile, pua nyekundu, anawasimamisha watu waweke saini.

Mimi nilikuwa naye kwa simu kila hatua. Kazi yangu hapa Muscat ni ukaguzi katika ofisi ya serikali, nakula kwa kuwauliza watu ushahidi wao uko wapi. Alikuwa ananisomea kila sentensi, mimi namwambia hapa pamelegea, hapa mtu atapata pa kupenyea. Kipengele kimoja alikiweka mwenyewe, hakunisikiliza: mwenye jamaa yake katika mradi wowote asiwe na neno katika uamuzi. Nikamwambia, Asya, unajifunga mwenyewe. Akacheka, akasema ndiyo maana yake hasa.

Siku waliposhinda nilikuwa garini nje ya soko la samaki. Nilipiga kelele mpaka mzee mmoja akaja kugonga kioo kuniuliza kama niko salama. Sisi huku jambo kama lile hatuna. Sijawahi katika umri wangu kuulizwa na mtu riale za msaada ziende wapi, na nilifurahi kama vile nimeulizwa mimi.

Mwaka jana wakaguzi wakaenda Pemba.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kulia na kucheka kwa pamoja. Asya, kwa sababu ya kipengele chake, hakuthubutu kumwambia mama yake lolote juu ya namna ya kuwapokea. Alimwambia tu kwamba wanakuja wageni kutoka mji wake, wataiangalia nyumba. Kumwambia Bi Zuwena kwamba wageni wanakuja! Wageni wa mtoto wake, wazungu, watu wa serikali, waliotoka mbali! Kila mtu wa kwetu anajua kilichofuata, na najua mnaosoma mnatikisa vichwa hivi sasa.

Kuta zikapakwa chokaa. Sahani za kaure zikaazimwa kwa majirani, na mapazia, na viti vya mtu aliyetoka kuoza binti yake. Sisi wa Muscat hatukubaki nyuma. Nilikwenda soko la Matrah mwenyewe kununua zulia, nikatuma na halua na udi mzuri, nikaona nimefanya jambo la maana. Mama mkubwa akaufukiza udi ule vyumba vyote tangu alfajiri mpaka harufu ya mkojo ikaondoka kabisa. Akapika pweza wa nazi, wali, samaki wa kupaka, na vitamu ambavyo hata Idi hatuvioni.

Na wale wanawake akawaondoa. Akawatawanya kwa jamaa na marafiki anaowaamini, kila mmoja na furushi lake, wakakae huko mpaka wageni waondoke. Hakutaka watu wasiowajua waje kuwakodolea macho katika hali ile. Kwake hiyo ndiyo heshima yenyewe, ya mgeni na ya mgonjwa kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia kuwa anakosea, kwa sababu hakuna aliyeona kosa. Alinisimulia kwa simu jioni ile, amechoka, anafurahi. Nikamwambia umetutoa kimasomaso mama mkubwa.

Ripoti imetangazwa wiki hii. Asya alinisomea, akitafsiri, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Wamemsifu mwenyeji. Wameandika kwamba nyumba ni nzuri na safi kupita kiasi, kwamba wamekuta vitanda vitupu, kwamba hawakupata kuonana na mgonjwa hata mmoja, na kila walipomuuliza Bi Zuwena wagonjwa ni wangapi na wanatoka wapi, alijibu kuwa ni wageni wake na Mungu ndiye anayewajua. Wameandika kwamba wenyeji wanaonekana kujiweza. Hivyo fedha zitakwenda kwenye chanjo na vyandarua katika nchi nyingine, mahali ambapo watoto wanakufa na hesabu zao zinaonekana.

Niseme kweli? Ningetumwa mimi, ningeandika hivyohivyo.

Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna mwizi hapa. Ningempata mwizi ningelala vizuri. Nimeipima kazi ya wale watu kwa jicho langu la ukaguzi nikitafuta uzembe, nikitafuta dharau, sikuona. Walikwenda, waliuliza, waliandika walichokiona. Na wale watoto wa vyandarua ni watoto, wana mama zao wanaowalilia. Siwezi kukaa Mawaleh chini ya kiyoyozi nikasema wasipewe.

Lakini mimi nawajua waliokuwa katika vitanda vile. Siwajui kwa majina, kwa sababu hata mimi sikuambiwa. Nawajua kwa mgongo, niliwaona nilipokwenda kumzika mjomba: wanawake wadogo wadogo wanaofua uani, wanaogeuka upande mgeni akiingia.

Asya alinambia kuna mlango mmoja umebaki. Kamati ya mji inayoamua fedha hizo inapokea majibu mpaka mwisho wa mwezi ujao. Wanawake wachache wakikubali kuzungumza nao, hata kwa simu, hata bila ya majina, nyumba itaangaliwa upya. Wasipozungumza, yule muuguzi ataondoka na nyumba itafungwa, maana mama mkubwa peke yake hataiweza. Akaniomba nimwambie mimi, kwa vile mama yuko kwangu. Akasema, "Mie nikimwambia, ataona nimemfungia nyumba mie mwenyewe."

Basi asubuhi hii nikamwambia. Nilisubiri amalize maandazi yake. Nikaanza mbali, nikaeleza kura, nikaeleza saini, nikaeleza ripoti. Alinisikiliza, na kwa sababu ya ile miwani sikuweza kumuona macho. Nilipomaliza, neno lake la kwanza lilikuwa juu ya pweza.

"Wamekula pweza wangu, Thuraya. Yule bibi wa Kizungu kaongeza mara mbili. Wameshiba, wamenishika mkono, kisha wamekwenda kuandika kwetu hakuna shida?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Naye akacheka kidogo, kisha akafunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Nikamwambia habari ya mlango uliobaki. Nikamwambia hawatotajwa majina, hawatoonekana sura, sauti tu.

"Sauti?" akasema. "Pemba mtu akikohoa wanamjua wa nyumba gani."

Nikamwambia hao wanaosikiliza wako Uswisi, hawamjui mtu. Hapo akakasirika. Hakupandisha sauti. Mama mkubwa akikasirika anashusha, inabidi usogee umsikie.

"Nikwambie kitu, mwanangu. Kuna mtoto mmoja kaja kwangu kafichwa ndani ya gari ya ng'ombe, kafunikwa magunia. Mume kamkimbia, kwao wamemtengea kibanda nyuma ya choo. Mie nimemwambia ingia, humu hakuna atakayekuuliza. Kalala, ndo usingizi wake wa mwanzo sijui tangu lini. Leo nimwendee nimwambie njoo uulizwe? Nimwambie usipojieleza nakufukuza?"

Nikasema si kumfukuza, mama mkubwa, ni kuisaidia nyumba ibaki.

"Nnajua nyumba itafungwa," akasema. "Nnajua vizuri kuliko weye. Lakini kama mlango huo unafunguka kwa kuwavua watu nguo, bora ufungwe."

Nilibishana naye. Nina kichwa kigumu na nilikuwa na haki, au nilidhani ninayo. Nikamwambia kwa kuwaficha wachache waliopo anawafungia mlango wengi watakaokuja. Nikamwambia na wao waachiwe wachague wenyewe. Hilo la mwisho naona lilimgusa. Kisha akasema mtu aliyeko majini ukimuuliza kama anataka kamba atasema ndiyo hata kama kamba ni ya kumnyongea. Akainuka, akaenda kusali dhuha, na hakurudi sebuleni mpaka adhana ya adhuhuri.

Asya alipiga mchana. Mama mkubwa akanifanyia ishara ya mkono kwamba amelala, na huku amekaa mbele yangu anachambua mchele. Nikamwambia Asya kuwa mama yake amelala. Nilimsikia analia kule, na mama yake anaokota chuya huku, na mimi katikati na simu imepata moto sikioni.

Najua kuna atakayeuliza, na nyinyi watu wa Oman mko wapi? Mbona hamchangi? Tunachanga. Nimeshaandika katika kundi la ukoo, na leo hii zimejaa dua na mikono iliyoinuliwa. Tutachanga kwa kishindo mwezi mmoja, miwili, Ramadhani tutachanga zaidi. Kisha atatokea mtoto wa kulipiwa chuo, atatokea harusi, na ule mchango utakuwa mwembamba mpaka ukatike, na hakuna atakayesema umekatika. Na wengi katika ukoo wanaamini mambo ya Bi Zuwena ni mazuri tu. Waliona picha ya zulia.

Jioni, baada ya magharibi, aliniambia nimpeleke madukani Hamriya. Anaondoka Jumamosi na alikuwa na vitu vya kununua. Nikadhani ni zawadi. Nikamzungusha kwenye maduka ya vitambaa, akawa anapita bila kushika kitu, mpaka tukafika duka moja linalouza vifaa vya wagonjwa, vigari vya magurudumu na fimbo za kutembelea. Akaingia moja kwa moja. Alikuja tayari anajua anachokitaka: mipira ya kutandika kitandani na nepi za watu wazima, kwa wingi, mpaka nikajua anafikiria nini. Anataka wale wanawake wawe nazo za kuondokea. Kila mmoja arudi alikotoka na furushi la kumtosha muda.

Muuzaji, kijana wa Kihindi mwenye adabu zake, akamuuliza kwa Kiarabu cha huku ni za mgonjwa wa kulala au wa kutembea, na ana kimo gani. Mama mkubwa akawa anapima kwa mikono hewani. Huyu hivi, yule mwembamba hivi.

Wakati huo akaingia mama mmoja tunayemjua, wa familia ya Unguja, kila harusi ya Muscat yumo, na kila habari ya Muscat anayo. Akamkumbatia mama mkubwa, ahlan, ahlan, Bi Zuwena, umekuja lini, mbona hatukuambiwa. Macho yake yakashuka kwenye kaunta. Yakaziona zile nepi, zimepangwa kama matofali.

"Kheri, Bi Zuwena?" akauliza. "Za nani zote hizi?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni za msaada, ni za hospitali, kitu chochote, maneno yapo mengi. Mama mkubwa akanitangulia.

"Zangu," akasema. "Uzee huu, mwanangu. Nnavuja."

Alisema kwa Kiswahili, kisha akamgeukia muuzaji akamwambia na yeye kwa Kiarabu, ni zangu mimi, ili asije akauliza tena habari ya kimo. Mwanamke ambaye kanga zake hupigwa pasi hata za kulalia. Ambaye hajawahi kutoka nje na harufu nyingine isipokuwa ya asumini. Alisimama pale na miwani yake myeusi, mgongo umenyooka, akamtazama yule mama mpaka yule mama akainamisha kichwa, akasema pole, Mungu akushushie shifaa, akatoka bila ya kununua alichokifuata.

Kesho Ijumaa. Kabla ya chakula cha mchana nyumba zote zitakuwa zimeshapata habari.

Tulipakia vitu nyuma ya gari. Nililia palepale, na watu wanapita, sikujali. Nikamwambia kwa nini, mama mkubwa, kwa nini uiseme nafsi yako vile, ungesema ni za watu tu, nani angewajua?

"Angeuliza watu gani," akasema. Akafunga mkanda wa gari, na mkanda unamshinda kila siku, nikamsaidia. "Mie nna umri wa kusemwa. Wale bado wana maisha."

Tukarudi nyumbani. Sasa yuko chumbani anafungasha, namsikia anavuta zipu ya begi na inakwama. Nimeamua jambo moja tu katika siku nzima ya leo: sitomuomba tena awatoe wale wanawake wazungumze. Nyumba itafungwa. Kura ilikuwa ya haki, nami ningekuwa na kura ningeipiga vilevile, hata leo, hata baada ya Hamriya. Nachukia kuliandika hilo lakini ni kweli, na sijui mtu anaishi vipi na kweli mbili zinazogombana ndani ya kifua kimoja.

Asubuhi lazima nimpigie Asya. Nina mambo mawili ya kumwambia: kwamba hakuna atakayejibu kamati, na kwamba mama yake leo amesimama dukani akasema ni yeye.

Nianze na lipi?